Maana ya karatasi ya dakika 15 katika ramani za nchi kame za ranchi, Marekani

Karatasi ya dakika 15 ni ramani ya topografia inayofunika robo ya digrii ya latitudo kwa robo ya digrii ya longitudo (digrii moja ina dakika 60), kwa skeli ya 1:62,500, ambapo sentimita moja huwakilisha mita 625. Iliandaliwa na Idara ya Jiolojia ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1879, na kwa muda mrefu ndiyo iliyoonyesha kwa undani malisho makavu ya Nevada, Arizona na magharibi ya Texas, ambayo awali yalichorwa kwa 1:125,000 au hata 1:250,000.

Kabla ya picha za angani kuenea, mpimaji alipanda mlima akiwa na ubao wa kuchorea wenye miguu mitatu, akalenga darubini kwenye vilele ambavyo mahali pake palikwisha kupatikana kwa upimaji wa pembetatu, kisha akachora kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, papo hapo huku akiitazama nchi iliyo mbele yake. Nukta zilizopimwa hasa zilikuwa chache, na nafasi iliyobaki kati yake ilijazwa kwa jicho lenye ujuzi. Ndiyo maana korongo dogo lililojificha nyuma ya kilima linaweza kukosekana kabisa.

Thamani kubwa ya karatasi hizi, kwa maoni yangu, ni maji. John Wesley Powell, aliyeiongoza idara hiyo kuanzia 1881, alikuwa amekwisha kueleza katika ripoti yake ya 1878 kwamba katika nchi kame shamba la ekari 160 halitoshi kulisha familia ya mfugaji, akapendekeza ekari 2,560 zenye njia ya kuyafikia maji. Ng'ombe hawawezi kula malisho mbali sana na mahali pa kunywa, na kwa hiyo wachoraji waliweka, mara nyingi kwa jina lake, kila chemchemi, kisima, lambo na pampu ya upepo, vitu ambavyo katika nchi yenye mvua visingepewa nafasi. Mto wa msimu ulichorwa kwa mstari wa buluu uliokatizwa kwa vitone.

Msomaji atazame mwaka wa upimaji, si wa uchapishaji pekee, kwa kuwa karatasi ileile iliweza kuchapishwa tena miaka mingi baadaye bila nchi kupimwa upya. Karatasi za dakika 7.5, kwa 1:24,000, zilichukua nafasi yake hatua kwa hatua, nne kwa kila moja.