Dubai: wa kwanza kumtafuta si mdhamini

Kariakoo na Eastleigh bado utasikia kwamba ukitaka kufungua kampuni Dubai, lazima kwanza umpate mdhamini, yaani mwenyeji wa kushika asilimia 51 ya hisa. Sharti hilo lilikuwepo kweli, ila kwa kampuni za nje ya maeneo huru (free zones), yaani maeneo ya biashara yenye kanuni zake. Ndani ya eneo huru kama Jebel Ali, lililoanzishwa mwaka 1985, mgeni aliruhusiwa kumiliki zote. Tangu Juni 2021, biashara nyingi za kawaida za nje ya maeneo hayo nazo zinaweza kuwa za mgeni kwa asilimia 100. Anayekudai ada ya kila mwaka kwa ajili ya hiyo 51 anakuuzia sheria iliyokwisha.

Unayemhitaji mapema ni mandubu, yule anayeshinda kwenye ofisi za serikali akifuatilia leseni, viza na vibali vya wafanyakazi. Halafu mhasibu, na hapa ndipo wafanyabiashara wetu wanaumia. VAT ya asilimia 5 ilianza 2018. Mwaka 2023 ikaja kodi ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000. Hata kampuni isiyopata faida inatakiwa kujisajili. Ukichelewa, faini ni dirhamu 10,000.

Na binamu yako je? Mlete, uaminifu wake ni mtaji. Lakini asisimame kaunta kwa viza ya utalii: tangu 2024, faini ya kumwajiri mtu asiye na kibali inaanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Mkatie kibali kwanza, ndipo umkabidhi funguo za duka.