Simu yako nayo inachora

Kazi yangu ni kupiga picha michoro ya wasanii na kuiweka sawa kwenye kompyuta kabla haijachapwa au kuwekwa mtandaoni, na hakukosi msanii wa kuniambia "si nimekutumia picha, nimepiga na simu, ina megapikseli kibao". Megapikseli sio ishu jamani. Ishu ni kwamba simu nayo ina maoni yake.

Tuanze na sensa yenyewe, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Pikseli zake, yani vile vidoti vyake vidogo, hazijui rangi, zinapima mwanga tu, ndo maana juu yake huwekwa chujio la rangi, na mpango unaotumika zaidi ni ule wa Bryce Bayer wa Kodak uliopata hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli kijani, robo nyekundu, robo bluu. Yani kila pikseli inapima rangi moja kati ya tatu, zile mbili programu inakisia kwa kuchungulia majirani. Theluthi mbili ya rangi za picha yako ni makisio! Makisio mazuri lakini, hapo mi sina neno.

Nnachokasirikia ni kinachofuata. Simu za siku hizi ukibonyeza mara moja zinachukua fremu kadhaa, zinazichanganya, penye giza panaongezwa mwanga, penye mwanga mkali panapunguzwa, halafu chengachenga zinalainishwa na kingo zinanolewa. Kwa selfi poa. Sasa chukua mchoro wa rangi za mafuta wa mtindo ule wa Caravaggio, mchoraji wa zamani wa Italia, uso mmoja unajitokeza gizani na nusu ya turubai ni nyeusi tii. Msanii kalihangaikia lile giza, simu inaliona kosa, inalinyanyua mpaka linakuwa kijivu, na alama ndogondogo za brashi zilizokuwemo humo zinahesabiwa chenga, zinafutwa, shavu linatoka kama plastiki.

Rangi ndo balaa zaidi. Mtu kapaka turubai nzima manjano na hudhurungi, hakuna cheupe popote, simu inadhani taa ya chumbani ndo ya njano, basi inasogeza kila kitu kuelekea bluu, na jua la jioni linageuka mchana wa mawingu.

Ukiwa huna kamera nyingine fanya hivi: weka karatasi nyeupe pembeni ya mchoro, bonyeza kidole kwenye mchoro ukishikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, teremsha mwanga kidogo, zima HDR (ile ya kuchanganya fremu) na urembo wote kama simu inakubali. Ikiwa na uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, RAW, yani picha ambayo simu haijaipika, hilo ndo nalitaka.

Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa upya. JPEG, ile njia ya kubana picha, ya tangu 1992 hiyo, inajua macho yetu yanashika mwanga na kivuli kuliko rangi, kwa hiyo mara nyingi inabakiza robo tu ya sampuli za rangi huku za mwanga zikibaki zote. Kwenye mandhari ya kawaida hata hushtuki. Ila uzi mwembamba mwekundu juu ya kijani chenye ung'avu uleule, hapo tofauti yote iko kwenye rangi, na ndo unaoharibika wa kwanza, sasa ukinitumia iliyobanwa mara mbili tatu hata mimi siwezi kuurudisha.