Je, wajua kwa nini malaria humpotezea mtoto fahamu ilhali vimelea vyake vimo ndani ya damu?

Mtoto anapofikishwa kituo cha afya akiwa na homa kali na degedege, kisha akapoteza fahamu, wazazi wengi hapa Dodoma huuliza swali la haki kabisa: malaria ni ugonjwa wa damu, sasa imefikaje kichwani? Swali hilo huwa gumu zaidi pale majibu ya maabara yanapoonesha kwamba wadudu waliokutwa kwenye damu ni wachache tu, pengine hata wachache kuliko wa mtoto mwingine aliyepewa dawa mseto na kurudi nyumbani akitembea. Ndiyo maana familia nyingine huamua kwamba hiyo si malaria tena, wakaondoka kwenda kutafuta tiba kwingine huku saa zikiyoyoma.

Ukweli ni kwamba vimelea vya malaria haviingii ndani ya seli za ubongo. Madaktari wa Italia Ettore Marchiafava na Amico Bignami, waliochunguza miili ya watu waliofariki kwa malaria mwishoni mwa karne ya 19, walikuta mishipa midogo kabisa ya ubongo imejaa seli nyekundu zenye vimelea, zikiwa zimejipanga ukutani mwa mishipa hiyo. Kwa hiyo ugonjwa unabaki ndani ya damu, lakini damu yenyewe imekwama mahali pasipotakiwa. Ili kuelewa imekwamaje, ni lazima tuangalie ngozi ya nje ya seli.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, ambao unene wake ni kama nanomita 7 hadi 10, yaani sehemu ndogo mno ya unene wa unywele. Ndani ya utando huo zimechomekwa protini za aina nyingi: baadhi hupitisha chumvi na sukari, nyingine hupokea ujumbe wa homoni, na nyingine kazi yake ni kushika. Mkulima wa Kongwa anapochomwa na mwiba shambani, kuta za mishipa ya damu iliyo karibu na jeraha huongeza juu yake protini iitwayo ICAM-1. Seli nyeupe inayopita na mkondo wa damu hupunguza mwendo, huishika protini hiyo, husimama, kisha hujipenyeza ukutani na kutoka kwenda kupambana na bakteria. Wapo watoto wachache wanaozaliwa wakiwa na kasoro katika protini ya seli nyeupe inayoshikana na ICAM-1. Vidonda vyao havitungi usaha, kitovu huchelewa kudondoka, na maambukizi huwarudia tangu wachanga. Kushikana, basi, ni sehemu ya uhai wa kila siku.

Tatizo ni kwamba protini hizo hushikika na yeyote mwenye umbo linalooana nazo. Virusi vingi vya mafua ya kawaida huingia mwilini kwa kuishika ICAM-1 hiyo hiyo. Na kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachosababisha sehemu kubwa ya malaria nchini Tanzania, kinaitumia pia, tena pamoja na nyingine kadhaa.

Kimelea hiki, baada ya kutoka kwenye ini, huanza kwa kuivamia seli nyekundu ya damu. Mwaka 2011 wanasayansi walionesha kwamba hakiwezi kuingia bila protini yake iitwayo RH5 kushikana na protini ya utando wa seli nyekundu iitwayo basigini. Kikishaingia hukaa humo kwa takriban saa 48, kikila himoglobini na kujigawa, hadi seli inapopasuka na kumwaga vimelea wapya. Hapo ndipo homa hupanda.

Ila kimelea kinachokua ndani ya seli nyekundu kina adui mkubwa, nayo ni bandama. Seli nyekundu yenye afya hulegea na kujikunja ili ipite kwenye vijishimo vyembamba vya bandama; yenye kimelea kilichokomaa huwa ngumu, hivyo hunaswa humo na kuharibiwa. Namna ya kuepuka ni kutopita bandama kabisa, na kimelea hufanikiwa kwa kazi ambayo kwangu ni miongoni mwa mambo ya kustaajabisha zaidi katika baiolojia nzima. Seli nyekundu haina kiini wala mitambo ya kutengeneza protini, kwa hiyo kimelea hujijengea humo njia zake chenyewe za usafirishaji, kikatengeneza protini yake iitwayo PfEMP1, kikaipitisha kwenye utando wake, kwenye utando wa kifuko kinachokizunguka, na hatimaye kuichomeka kwenye utando wa seli nyekundu yenyewe, juu ya vinundu vidogo vinavyoonekana kwa hadubini ya elektroni. Tangu hapo seli hiyo hunata kwenye ukuta wa mshipa kama mbegu ya kishonanguo inavyonata kwenye shuka la mpita njia.

Kazi hiyo huchukua muda, na muda huo ndio unaoeleza fumbo la maabara. Mtaalamu anapochukua tone la damu kidoleni kwa ajili ya kipimo cha BS, akalipaka kwenye kioo, akalitia rangi ya Giemsa na kuliangalia kwa hadubini, huona vimelea vichanga vyenye umbo la pete nyembamba lenye nukta nyekundu pembeni. Karibu vyote anavyoviona viko katika saa 20 hivi za mwanzo za umri wao, kwa sababu vilivyozidi hapo vimekwishanata kwenye mishipa ya ndani na havifiki kidoleni. Kioo kinahesabu vile ambavyo bado havijashika. Mtoto anaweza kuwa na pete chache kwenye kioo huku ubongo, utumbo na mapafu yake vimebeba mzigo mkubwa. Kipimo cha haraka, kile cha kifaa kidogo kinachoonesha mistari, husaidia kidogo hapa, kwa kuwa hutafuta protini ambayo vimelea vinavyopasuka huiachia kwenye damu hata kama vyenyewe vimejificha. Daktari mwenye kifaa cha kuangalia ndani ya jicho anaweza kuona zaidi: kwa watoto wengi wenye malaria ya ubongo, nyuma ya jicho huonekana mabaka meupe na mishipa iliyobadilika rangi, kwa sababu mishipa ya hapo huziba kama ile ya ubongo.

Si kila unataji una madhara sawa. Kimelea kimoja kina takriban jeni 60 za kutengeneza PfEMP1 za maumbo tofauti, lakini hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Nyingi hushika protini iitwayo CD36, na wagonjwa wake mara nyingi hawafikii hali mbaya. Mwaka 2012 utafiti uliohusisha watoto wa Tanzania ulionesha kwamba malaria kali huambatana na kundi dogo tu la PfEMP1, na mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kundi hilo hushika protini ya ukuta wa mishipa iitwayo EPCR. Hapa ndipo kushikwa kwenyewe kunapogeuka kuwa ugonjwa. EPCR ina kazi yake: husaidia kuzuia damu isigande ovyo na kuufanya ukuta wa mshipa usivuje. Kimelea kikiikalia, kazi hiyo hukwama, mabonge ya damu iliyoganda huanza kujitengeneza, majimaji huvuja, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionesha kwamba watoto waliofariki kwa malaria ya ubongo wengi wao ubongo ulikuwa umevimba sana, huku kwa wengi waliopona uvimbe ukipungua ndani ya siku chache.

Ndiyo maana dawa inayotolewa ina uzito mkubwa. Kwinini, tuliyoizoea kwa miaka mingi, huua zaidi vimelea vilivyokomaa, yaani vile ambavyo tayari vimenata. Sindano ya artesuneti huua hata zile pete changa, kabla hazijapata kushika mahali. Utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watoto 5,425 wenye malaria kali: waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Ndiyo sababu masaa yana thamani kubwa kiasi hicho, na ndiyo sababu mtoto mwenye degedege hapaswi kuzungushwa.

Mama mjamzito naye anakabiliwa na unataji wa aina yake. Kondo la nyuma limejaa minyororo ya sukari iliyobebwa na protini za utando wake, na ipo aina moja ya PfEMP1, iitwayo VAR2CSA, inayoshika minyororo hiyo. Mwanamke aliyekulia penye malaria anaweza kuwa na kinga dhidi ya aina nyingine nyingi, lakini hii hajawahi kukutana nayo, kwa kuwa kondo la nyuma hakuwa nalo. Ndiyo maana mimba ya kwanza huathirika zaidi, mtoto akazaliwa na uzito mdogo, na ndiyo maana dozi za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, zinazotolewa kliniki hazipaswi kurukwa hata kama mama hajisikii kuumwa.

Upande wa pili wapo watu ambao seli zao hazishikiki vizuri. Mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu, bila ugonjwa wenyewe, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilieleza mwaka 1954 baada ya kufanya utafiti Afrika Mashariki. Sehemu ya sababu ni kwamba katika seli hizo PfEMP1 haipangwi vizuri juu ya utando, hivyo seli hunata kwa udhaifu. Lakini aliyerithi jeni mbili hupata ugonjwa ambao nao una unataji ndani yake: seli zake zilizopinda hushika protini za ukuta wa mishipa, kama P-selektini, damu ikakwama, na maumivu ya mifupa yakamjia kwa ukali usioelezeka. Kwa watoto hao, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imeanza kupandikiza uloto, ili mwili utengeneze seli nyekundu nyingine kabisa.

Kwa wakazi wa kanda hii kavu lipo jambo moja la kuzingatia. Malaria mkoani Dodoma ni kidogo ikilinganishwa na Kigoma, Tabora au Kanda ya Ziwa, na hiyo ni heri. Hata hivyo kinga dhidi ya malaria kali hujengwa na kingamwili zinazozitambua aina mbalimbali za PfEMP1, na mwili huzijifunza kwa kukutana nazo. Mtu mzima wa Mpwapwa ambaye hajaugua malaria kwa miaka mingi, akisafiri kwenda Kibondo au Geita, mwili wake unaweza kupokea unataji huo karibu sawa na wa mtoto. Akirudi na homa, na aseme kituoni kwamba amesafiri.

Watafiti sasa wanazitafuta kingamwili hizo zenyewe. Mwaka 2024 ilichapishwa kazi iliyoeleza kingamwili za binadamu zinazoweza kuzuia aina nyingi za PfEMP1 zisiishike EPCR, kwa kuwa pamoja na kubadilika kwake, sehemu inayogusa EPCR hulazimika kubaki na umbo lile lile. RH5 nayo hubadilika kidogo sana kati ya kimelea na kimelea. Chanjo inayoilenga imekwishajaribiwa kwa watu wazima na watoto Bagamoyo, na huko Burkina Faso watoto waliochanjwa walipata malaria mara chache kuliko wenzao ambao hawakuipata.