Kabla chama hakijalipia antivairasi, tazameni Windows yenu

Msimu wa korosho ukikaribia, makatibu na makarani wa vyama vya msingi hunipigia simu, wa Tandahimba, wa Masasi, wa Nachingwea, na swali lao ni moja: "Fundi, tununue antivairasi gani mwaka huu?" Nami huwarudishia swali: mashine yenu ina Windows ipi, na ni toleo gani? Wengi hawana jibu, na wala siwalaumu, maana hata aliyewauzia leseni ya mwaka jana hakuwauliza. Lakini hela ya wakulima inapotelea hapo hapo.

Excel au programu ya kuandikia barua hukaa juu ya mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe, na kuomba huduma kutoka huko juu, kwa hiyo ukiweka ya zamani kwenye Windows mpya mara nyingi itafunguka tu. Antivairasi haiwezi kukaa huko. Kazi yake ni kulizuia faili lenye kirusi kabla halijafunguka, na anayekagua magunia ghalani sharti asimame mlangoni yanapopita. Ndiyo maana inaweka draiva zake, yaani programu ndogo zinazofanya kazi bega kwa bega na mfumo, ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows. Kiini hicho hubadilika toleo hadi toleo, na draiva isiyolingana nacho inaweza kuiangusha mashine nzima ikabaki na skrini ya bluu.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Januari 2018. Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu wa prosesa, ile chipu inayoendesha kompyuta, ulioitwa Meltdown, ikagundua kwamba baadhi ya antivairasi zilikuwa zinagusa kumbukumbu ya kiini kwa njia zisizoruhusiwa, na kompyuta zilikuwa zinashindwa kuwaka. Ikaamua kwamba mashine ambayo antivairasi yake haijaweka alama maalumu ya kuthibitisha inalingana, isipewe masasisho ya usalama ya Windows. Fikiria hilo vizuri. Aliyebaki na antivairasi iliyopitwa na wakati alikosa ulinzi wa antivairasi na wa Windows kwa pamoja.

Huku kwetu tatizo ninalokutana nalo zaidi ni Windows 7. Mashine inafomatiwa kwa flashi ya fundi, inawekwa Windows 7 ile ya mwanzo isiyo na sasisho hata moja, kisha katibu anatumia bando lake kupakua antivairasi mpya. Anabofya, inagoma. Anadhani kauziwa leseni feki. Chanzo ni saini ya kidijitali, alama inayothibitisha programu imetoka kwa mwenyewe na haijachezewa: programu za sasa zinasainiwa kwa mfumo wa SHA-2, na Windows 7 haiitambui saini hiyo sawasawa mpaka iwekewe masasisho mawili ya 2019, KB4490628 na KB4474419. Kuna mafundi wanaolitatua kwa kuizimisha Windows isikague saini za draiva. Nawaomba sana waache. Ukaguzi ule ni miongoni mwa vitu vichache vinavyokizuia kirusi kisijiingize kwenye kiini kwa jina la draiva. Na hata ukiyaweka masasisho hayo mawili, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kampuni nyingi za antivairasi matoleo yao mapya hayaikubali tena.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, mwezi ule ule ambao minada ya korosho huwa inaanza. Wapo wanaoniambia, "Mbona Defender bado inajisasisha?" Defender ni antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Ni kweli, Microsoft imesema itaendelea kuipa taarifa za virusi vipya mpaka Oktoba 2028. Ila taarifa za virusi hazizibi tundu lililomo kwenye Windows yenyewe. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilisambaa kupitia tundu ambalo kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huo, na waliokuwa hawajakiweka ndio walioumia. Taasisi inaweza kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa miaka isiyozidi mitatu, Dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei hujizidisha mara mbili kila mwaka. Kwa chama chenye mashine mbili kuukuu, mimi naona heri hela hiyo iende kwenye mashine nyingine.

Mkinunua ya mtumba, isomeni prosesa kabla hamjatoa hela. Windows 11, ndiyo iliyofuata baada ya Windows 10, inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa za Intel ni kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. HP EliteBook 840 G3 ni laptopu imara, lakini ikiandikwa i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ni kizazi cha sita, haifai. 840 G5 yenye i5-8350U inafaa. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyofaa, ila Microsoft haiihakikishii mashine hiyo masasisho, na ofisi inayoshika malipo ya wakulima haipaswi kuishi hivyo.

Kujua mlicho nacho, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni winver, kisha Enter. Ikisema 22H2 na 19045, hiyo ni Windows 10 ya mwisho. Linganisheni namba hiyo na mahitaji ya mfumo kwenye tovuti ya antivairasi mnayoitaka. Tazameni pia kama mfumo ni wa biti 32 au 64, kwa sababu draiva ya mmoja haikubali mwingine. Na msiweke antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, zitagombania faili lile lile.

Kuna mashine ambazo hazibadilishiki, kwa mfano ya mzani ambayo programu yake inaishia Windows 7. Hiyo msiinunulie leseni yoyote. Iondoeni kwenye mtandao kabisa, iwe na flashi yake isiyotoka ofisini, na kila flashi hiyo ikitoka kwenye mashine ya mzani ikaguliwe kwanza na mashine yenye Windows inayohudumiwa ndipo hesabu zinakiliwe.