Wale wanawake wa Ngomeni walikuwa wanauza muhogo

Kila baada ya miezi michache naletewa picha ileile kwenye simu. Wanawake kumi na kitu wameketi chini, mbele yao vikapu na mafungu ya muhogo, nyuma yao ukuta mrefu wa mawe. Chini pameandikwa kwamba hili ni soko la watumwa la Zanzibar. Wanaoisambaza wana uchungu wa kweli, na uchungu huo nauheshimu. Lakini mahali pale si soko la watumwa. Ni soko la chakula la Unguja mjini, na ukuta ule ni wa Ngome Kongwe.

Kazi yangu ni kutambua picha za kale: zilipigwa wapi, lini, na zinaonyesha nini. Picha za sokoni ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo zilizoandikwa uongo mwingi kuliko zote. Basi leo nieleze tunavyoijua hii.

Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa Juni 1873, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipotia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa la Anglikana. Beit el-Ajaib, jumba kubwa la Sultani, ilikuja kujengwa miaka kumi baadaye, 1883, jirani na Ngome. Kwa hivyo picha yoyote ya soko yenye Beit el-Ajaib kwa nyuma, hata ikiwa ni kipande tu cha varanda yake, imepigwa wakati soko la watumwa limekwisha kufungwa. Picha ninayoletewa ina kipande hicho, kwenye pembe ya juu kushoto. Mara nyingi anayeisambaza amekikata ili picha iingie vizuri kwenye simu, na ushahidi wenyewe ukaondoka nacho.

Mnara wa saa nao unasaidia sana. Kabla ya Agosti 1896 ulikuwepo mnara uliosimama peke yake, mbele ya majumba ya Sultani upande wa bahari. Tarehe 27 ya mwezi ule manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, na mnara ukaharibika. Baadaye saa ikawekwa kwenye mnara mpya ulioshikana na uso wa Beit el-Ajaib, ule tuliouzoea hadi ulipoporomoka Desemba 2020. Mnara wa peke yake maana yake kabla ya 1896. Mnara ulioshikana na jumba, baada ya hapo. Halafu tazama chini: ukiona reli, umefika 1905 au mbele zaidi, maana mwaka huo ndipo gari moshi la Bububu lilipoanza kutoka pale karibu na Ngome. Na wakati huo soko lilikwisha hamia Darajani, kwenye jengo la Marikiti lililofunguliwa 1904, enzi ya Sayyid Ali bin Hamud. Kwa hiyo mafungu ya muhogo chini ya ukuta wa Ngome, Beit el-Ajaib ipo, reli hakuna: picha yetu ni ya kati ya 1883 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Hata kivuli kina habari yake. Unguja iko kusini kidogo ya Ikweta, kwa hivyo Desemba na Januari, wakati wa pepo za kaskazi, jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini na kivuli cha mtu kinalala kuelekea kaskazini. Wakati wa pepo za kusi, katikati ya mwaka, kinageuka. Ukishajua ukuta wa Ngome umeelekea wapi, unaweza kusema picha ni ya majira yapi, na hapo ndipo bidhaa zinapoanza kueleweka. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yameleta tende, chumvi, mazulia na papa mkavu.

Kuna mtego mmoja ambao nami ulinikamata nilipoanza kazi. Negativu za kioo zinaweza kuchapishwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Nilihangaika siku mbili na picha moja ya Darajani, mitaa haikai sawa, mpaka nikaona kwamba kila muuzaji pale anapokea pesa kwa mkono wa kushoto. Sokoni kwetu hilo haliwezekani. Niligeuza picha, na mji ukarudi mahali pake. Kwa picha za pwani kipimo ni chepesi zaidi: ukiangalia kutoka baharini, Ngome lazima iwe kulia kwa Beit el-Ajaib.

Sasa maandishi yenyewe yalitoka wapi? Wapiga picha wakubwa wa mji walikuwa wenye studio kutoka Goa: A. C. Gomes na wanawe, ndugu wa Coutinho, na Pereira de Lord. Wateja wao wakubwa walikuwa abiria wa meli waliokaa bandarini siku moja mbili na kutaka kitu cha kupeleka kwao. Postikadi nyingi zilichapishwa Ulaya, na zilizotiwa rangi zilitiwa na watu ambao Unguja hawajaiona. Ndiyo maana utakuta kanzu ya waridi na mchanga wa kijani. Maelezo yaliandikwa ili kadi iuzike. Muuza maji akawa "aina" ya mtu, kama ndege wa kwenye kitabu. Jina lake hakuulizwa. Neno "watumwa" liliuzika zaidi ya neno "muhogo", na bado linauzika: nimewahi kuandikia tovuti moja ya kuuza picha, nikatoa ushahidi wote huu, na hadi leo maelezo hayajabadilishwa.

Tarehe ya stempu nayo isikudanganye. Inaonyesha kadi ilitumwa lini, na kadi moja iliweza kuuzwa miaka kumi na zaidi tangu picha ipigwe. Geuza kadi uangalie nyuma. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande ule ugawanywe, anwani huku na barua huku. Kadi yenye barua iliyobanwa pembeni mwa picha yenyewe kwa kawaida ni ya zamani zaidi.

Lakini nisiipake picha hii sukari. Soko la Mkunazini kufungwa hakukumaliza utumwa. Sheria iliufuta 1897. Watumwa wengi wa mjini walikuwa mahamali, vibarua na wachuuzi, wakimpelekea bwana sehemu ya walichopata. Kwa hiyo mmoja wa wanawake wale aweza kuwa mtumwa wa mtu, anauza muhogo wa bibi yake, na jirani yake ni mtu huru. Nguo zinadokeza tu. Kaniki, ile nguo nyeusi ya nili, ilikuwa vazi la watumwa na maskini, na baada ya 1897 wanawake wengi waliitupa wakavaa kanga. Kanga za mwanzo hazikuwa na jina, na jina lilipokuja lilianza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Katika picha yetu nimehesabu kaniki nne, nyingine ni nguo za mabaka na maua, hakuna hata moja yenye maandishi.

Niliipeleka kwa bibi mmoja wa Vikokotoni aliyekulia karibu na soko. Hakutazama mnara wala ukuta. Aliweka kidole kwenye kiuno cha mwanamke wa katikati, akasema, "Huyu kibindo chake kimejaa, mauzo leo mazuri." Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa miaka bila kukiona kibindo. Nikaikuza tena kwenye kompyuta, na kweli, watatu wana vibindo vilivyotuna, na mmoja mkono wake umo humo humo, anatafuta chenji.

Mtu anayetaka kujaribu mwenyewe aingie kwenye mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani. Una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za 1860 hadi 1960, na unaweza kuzikuza intaneti. Anza na pembe za picha, katikati uje mwisho.

Na kabla ya kufunga kompyuta, fungua albamu ya nyumbani. Tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, watu wa mji walikwenda kupigwa picha kwa hiari yao na kwa nguo walizozichagua. Picha hizo zimo makabatini, na wanaojua majina wanazidi kupungua. Keti nao wiki hii. Nyuma ya picha, ukingoni, andika kwa penseli laini bila kukandamiza: jina, mtaa, kazi yake, alikuwa mtoto wa nani. Usitumie kalamu ya wino, maana unyevu wa pwani utauvusha uje mbele. Na kama ni muuzaji wa Marikiti, andika alikuwa anauza nini.