Maana ya lokale katika mstari wa amri

Lokale ni mpangilio unaoieleza programu mambo mawili kwa pamoja: herufi zimesimbwa kwa mfumo gani, na ujumbe, tarehe, namba na upangaji wa alfabeti vifuate kanuni za lugha na nchi gani. Katika jina sw_KE.UTF-8, sw ni lugha, KE ni nchi, na UTF-8 ni usimbaji. Wengi huyachanganya mambo haya, ilhali mtu anaweza kabisa kutaka ujumbe wa Kiingereza huku akihitaji herufi za lugha zote zisomeke.

Kompyuta huhifadhi baiti tu, yaani namba kati ya 0 na 255; usimbaji ndio unaoamua namba ipi ni herufi ipi. ASCII, usimbaji wa zamani uliotolewa mwaka 1963, ina nafasi 128, ambazo hazitoshi hata lugha za Ulaya. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hutumia baiti 1 hadi 4 kwa kila herufi, na zile za ASCII hubaki na baiti zilezile. Herufi é huchukua baiti mbili, 195 na 169. Dirisha la amri likichukulia kwamba maandishi yako katika ISO 8859-1, usimbaji wa baiti moja kwa kila herufi, kila baiti husomwa kama herufi kamili, na mtumiaji huona Ã©. Faili lenyewe bado ni zima. Huharibika kweli pale mtu anapoanza "kuzisahihisha" herufi hizo kwa mkono na kulihifadhi upya.

Katika Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, lokale huwekwa kwa vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambazo programu huzisoma zinapoanza. LANG ni chaguo la jumla. Vigeu kama LC_CTYPE (herufi), LC_TIME (tarehe na saa) na LC_COLLATE (upangaji) hushughulikia jambo mojamoja na huishinda LANG. LC_ALL huvishinda vyote. Kwa sababu hiyo si busara kuiweka LC_ALL kwa kudumu, maana itafunika kila chaguo jingine. Mahali pake ni mbele ya amri moja, kama LC_ALL=C sort majina.txt. C ni lokale ya msingi isiyofuata lugha yoyote, hivyo amri hiyo hupanga kwa thamani ya baiti, na kwa kuwa herufi kubwa zote za ASCII zina thamani ndogo kuliko herufi ndogo zake, Zuhura hutangulia asha. Chini ya en_US.UTF-8, asha ndiye wa kwanza. Skripti ileile yaweza basi kutoa matokeo tofauti katika kompyuta mbili bila onyo lolote, na hilo, kwa maoni yangu, ni baya kuliko herufi zilizovurugika, ambazo angalau huonekana.

Amri locale huonyesha hali ya sasa, na locale -a huorodhesha lokale zilizopo. Katika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, lokale inayokosekana huongezwa kwa kuondoa alama ya # mbele ya jina lake ndani ya /etc/locale.gen, kisha kuendesha locale-gen kwa mamlaka ya msimamizi. Onyo la lokale isiyopatikana hutokea mara nyingi mtu anapoingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kutumia kompyuta ya mbali, kwani LANG ya kompyuta yake huweza kusafirishwa hadi kwenye seva isiyo na lokale hiyo. Kama huna mamlaka ya kuiongeza, tumia C.UTF-8 ikiwa imo katika orodha ya seva: hubeba herufi zote za Unicode, yaani orodha ya pamoja ya herufi za lugha mbalimbali, bila kanuni za lugha yoyote.