Je, wajua kwa nini kujaza gesi ya AC ni kazi ya kusomewa?

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba, inanyonya joto chumbani na kulitupa nje, miaka nenda miaka rudi, bila kupungua. Kwa hiyo mwenye duka la dawa pale Isevya, akiambiwa kila Oktoba joto la Tabora linaposhika kasi kwamba "gesi imeisha, tuongeze", ajue kuna tundu ambalo hakuna aliyelitafuta. Mafunzo ya kushika gesi huanzia hapo: tafuta tundu, ziba, ndipo ujaze. Fundi anayejaza bila kuziba anamuuzia mteja gesi ileile mara ya pili.

Uzoefu peke yake hautoshi, kwa sababu humfundisha fundi kile anachokiona, na madhara ya gesi hizi hayaonekani. R-22, iliyomo kwenye AC nyingi za zamani, ina klorini inayokula tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyoanza kuzibana gesi za aina hiyo. R-410A iliyochukua nafasi yake haina klorini, lakini kilo moja ikiachiwa hewani hushika joto sawa na takribani kilo 2,000 za kaboni dioksidi kwa muda wa miaka 100. Gesi za kundi hilo nazo ziliwekewa ratiba ya kupunguzwa mwaka 2016, kwa marekebisho yaliyopitishwa Kigali, hapo kwa majirani zetu. R-32 ina karibu theluthi moja ya madhara hayo, ila inaweza kushika moto. R-290, yaani propani, haina madhara makubwa kwa hali ya hewa lakini inawaka vibaya sana. Kila kizazi cha gesi kimekuja na hatari yake, na fundi aliyejifunzia R-22 hawezi kuzibahatisha nyingine.

Angalia geji tu, yaani kipimo cha msukumo wa gesi. AC ya R-22 ikifanya kazi vizuri, upande wa msukumo mdogo husoma karibu psi 70 (psi ni kizio cha msukumo). R-410A hukaa karibu 120. Fundi aliyezoea sabini akiifunga R-410A kwenye sabini, koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa ya chumbani, inashuka chini ya nyuzi 0, inaganda barafu, na mteja anasema AC haipulizi. (Barafu hiyo pia huletwa na chujio lililojaa vumbi, kwa hiyo lisafishwe kabla ya kugusa gesi yoyote.) Akifanya kinyume, akaisukuma R-22 mpaka 120, gesi inarudi kwenye kompresa, pampu inayoizungusha, ikiwa majimaji na kuvunja vali. Ndiyo maana fundi aliyesoma hupima kwa mizani. Uzito umeandikwa kwenye kibati cha uniti ya nje, na bomba likizidi urefu uliotajwa na mtengenezaji, huongezwa gramu kadhaa kwa kila mita. R-410A, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili, hutolewa mtungini ikiwa majimaji, tena polepole.

Kabla ya kujaza, mabomba hupimwa kwa naitrojeni kavu kupitia regyuleta, kifaa cha kupunguza msukumo, maana mtungi wa naitrojeni ukijaa unaweza kuwa na bar 150 au zaidi (bar nayo ni kizio cha msukumo). Anza na bar 5, subiri dakika chache. Panda hadi 15, subiri tena. Kisha fika kwenye kiwango kilichotajwa kwenye kibati, huku ukipaka povu la sabuni kwenye kila fleya, yaani kiungio cha bomba. Ukiacha kipimo usiku kucha, andika na joto la hewa: karibu na bar 40, kila nyuzi moja ya baridi inashusha geji kwa takribani bar 0.1. Asiyelijua hili atasaka tundu asubuhi mahali pasipo na tundu. Oksijeni isitumike kupimia kamwe. Ikikutana na oili ya kompresa kwenye msukumo mkubwa, inalipuka.

Baada ya hapo ni kupiga vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu mabombani kwa pampu, na hapa Tabora ina jambo lake. Vitabu vingi huandika kwamba sindano ifike inchi 30 chini ya sifuri. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi zaidi, na geji iliyowekwa sifuri hapa itaishia karibu inchi 26 hata pampu ikiwa mpya. Kigoma, kando ya ziwa kwenye mita 770 na kitu, itafika kama 27. Fundi anayengoja 30 ataishia kuilaumu pampu bure. Tiba ni geji ya maikroni, inayopima hewa kidogo iliyobaki ndani na haijali mwinuko: shusha chini ya 500, funga vali, ngoja dakika 10. Namba ikipanda kupita hapo kisha ikatulia, bado kuna unyevu ndani. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kusema "nimevuta nusu saa" si kipimo. Unyevu ukibaki kwenye oili ya R-410A, ambayo hunyonya maji kwa kasi, hutengeneza asidi inayokula waya za kompresa.

Gesi ya zamani nayo haiachiwi hewani. Huvutwa kwa mashine maalumu hadi kwenye mtungi wa kukusanyia, ambao haujazwi kupita asilimia 80, kwani majimaji yakipata joto huvimba na mtungi usio na nafasi hupasuka. Mitungi ya kutupa haijazwi tena. Wala bomba lenye gesi halichomelewi: R-22 ikipita kwenye moto hutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Na anayejaza gesi ya kupikia kwenye AC iliyotengenezewa R-22 anatega moto ukutani mwa mtu.

Vyeti vimejengwa juu ya mambo hayo. Marekani imedai cheti kwa kila anayefungua mfumo wa gesi tangu Novemba 1994: mtihani una sehemu ya msingi na sehemu za aina ya mitambo, maswali 25 kila sehemu. Ulaya hugawa mafundi ngazi mbalimbali kulingana na kazi wanazoruhusiwa. Kwetu, kemikali zinazoharibu ozoni zina kanuni zake chini ya sheria ya mazingira tangu 2007, na njia ya kawaida ya fundi ni VETA, fani ya majokofu na viyoyozi, ngazi ya I hadi III. Aliyejifunzia mtaani anaweza kuomba ujuzi wake upimwe na kurasimishwa. Kabla ya kulipa ada, uliza chuo cha Tabora au Kigoma kama fani hiyo inafundishwa kwa mwaka huo, na kama karakana ina mashine ya kukusanyia gesi, maana bila hiyo nusu ya somo itabaki ubaoni. Leseni ya umeme ya EWURA ni kitu kingine: inakuruhusu kufunga nyaya, haisemi lolote kuhusu gesi.

Kwa mteja, kuna vitu vitatu vya kuangalia fundi akishusha begi: mizani, geji ya maikroni na mtungi wa naitrojeni. Rangi ya mtungi wa gesi usiitegemee. Zamani kijani hafifu kilikuwa R-22 na waridi R-410A, lakini watengenezaji wengi wamehamia rangi moja kwa gesi zote. Soma maandishi, linganisha na kibati cha AC yako, kisha mwambie fundi aandike kwenye karatasi ndogo ndani ya kifuniko: aina ya gesi, gramu alizoweka, tarehe, na mahali alipoziba tundu.